Kaa wa shangazi walilegea, jirani akaambiwa ana jicho, kumbe ni maji

Wakuu, assalam aleikum. Haya yametokea kwetu Bongwe, na nayaandika kama yalivyokuwa. Siongezi chumvi.

Shangazi yangu anafuga kaa koko kule mikokoni, yeye na kina mama wenzake. Juzi vizimba viliharibika, akawaleta kaa wote nyumbani, akawatia kwenye mabeseni ya maji ya bahari mpaka vizimba vitengenezwe. Akaachiwa dhamana ya kaa wa kikundi kizima.

Bi Mwanakombo, jirani yake na shoga yake tangu utotoni, akaja kutazama. "Kaa wamenona hawa!" akasema, akaenda zake.

Hakusema mashallah, ile ya kukinga jicho la husuda.

Kesho yake maji yakaanza kunuka. Shangazi akamwagiza muuza maji amletee maji ya chumvi, akayabadilisha yote.

Baada ya hapo kaa wakaanza kulegea. Ukimwinua, miguu inaning'inia tu. Magando yaliyokuwa yakitutisha hayabani hata kijiti. Wengine wakafa.

Shangazi akapandwa na hasira. Akamfuata Mwanakombo mlangoni kwake, majirani wote wanasikia: "Una jicho wewe! Usikanyage tena kwangu."

Mimi nikafika mambo yashaharibika. Nilisomea biolojia, na mradi wangu wa mwisho ulikuwa resting potential ya misuli ya kaa, yaani chaji ya umeme ambayo msuli huwa nayo ukipumzika. Nyumbani walinicheka kwa hilo, acha tu.

Kwa ufupi wakuu, seli ya msuli hata ikipumzika ina kazi. Ndani imejaa potasiamu, nje sodiamu ndiyo nyingi, na kwenye utando wake kuna pampu zinazolinda tofauti hiyo muda wote. Hapo ndipo msuli unapata chaji yake. Ikivurugika, kaa anataka kubana lakini gando halimsikii.

Nikamuuliza, "Shangazi, maji haya ya wapi?"

"Si ya chumvi, mwanangu? Nimeagiza ya chumvi."

Lo! Watu wa pwani mshaelewa. Huku kwetu ukiagiza maji ya chumvi unaletewa ya kisima, yale ya kuoshea vyombo. Chumvi imo kweli, lakini potasiamu mara nyingi ni haba mno kwa kaa. Pampu zikikosa potasiamu ya kuingiza, msuli unachoka.

Tukaenda kuteka maji ya bahari yenyewe. Asubuhi yake kaa mmoja alinibana kidole nikapiga ukelele, na shangazi akacheka huku machozi yanamtoka.

Kisha akajifuta machozi. Akavaa buibui lake, akaenda kumwomba radhi Mwanakombo mbele ya majirani wale wale.

Mwanakombo akamkumbatia. "Yamekwisha, shoga yangu."

Nilichojifunza ni kwamba uchunguze kwanza ulichokifanya wewe, ndipo umtaje mtu. Kaa waliobaki wote wamepona.

Lakini Mwanakombo akija siku hizi anasimama nje ya ua. Akikaribishwa anajibu, "Hapa hapa panatosha." Basi wanaongea hivyo, mmoja ndani, mmoja nje.

Wakuu, mtu ameshakusamehe lakini haingii ndani, mnamrudishaje? Nawasikiliza.