Kikatuni Kilichokimbia Utani

Juzi hapa Kilindoni, kisiwani Mafia, nikiwa kwenye duka la ving'amuzi, aliingia mama mmoja wa Jibondo, kile kisiwa chetu kidogo kisichokuwa na maji matamu. Akaitua rimoti yake kwenye kaunta kama anayerudisha samaki aliyeoza.

"Shikamoo, mama," alisema muuzaji, mtu wa bara.

"Marahaba. Vile vikatuni vya vichekesho vya Ijumaa viko wapi?"

Nilivijua. Vilikuwa vichekesho vifupi vifupi vya runinga, vilivyochorwa na watu wa bara, na katika kimoja mtu wa Jibondo alimnywesha mgeni maji kwa kijiko, huku akimhesabia mafunda.

Muuzaji akatabasamu. "Vimefutwa, mama. Havitawatukana tena."

"Nani katukanwa? Ule ni utani!" Akapiga kaunta kwa kiganja. "Tumekaa wanawake mtaa mzima tumetunga jibu, tumelirekodi kwenye simu, leo naambiwa mtani kaondoka! Mtu anakutania, zamu yako ikifika anafunga mlango?"

"Jibu lenyewe likoje?" nikadakia.

Akanigeukia, akaiweka sawa kanga begani. "Sisi maji yalikuja kwa boti, na mgeni alikunywa akashiba. Ninyi wa bara mna bomba mpaka chooni, na mgeni hajaketi mnamuuliza ana shida gani!"

Duka zima tukacheka, yule wa bara kutushinda sote.

Muuzaji akatuambia eti kipindi kilikufa kwa kukosa watazamaji. Mimi nasema kilikuwa na watazamaji hodari kuliko waandishi wake. Anayetaka kututania Mafia na aje, ila asiondoke kabla hajajibiwa.