Rangi Chini ya Nati

Vadivukkarasi, ambaye sote tulimwita Vadivu, alifunga bodi za umeme ndani ya makasha ya chuma kwa miaka kumi na mmoja, na muda wote huo meza yangu ilikuwa mkono wake wa kushoto. Karakana yetu iko mtaa wa Ganapathy, hapa mjini Coimbatore. Tunatengeneza visanduku vya kuendeshea mota za viwandani, na vingi huenda mji wa jirani, Tiruppur, kwenye mitambo ya kutia vitambaa rangi.

Kazi yenyewe inataka utulivu. Unasimamisha bodi juu ya vijiguu vinne vya plastiki na kukaza skrubu kwa kiasi, maana ukizidisha, bodi inapata ufa usioonekana kwa macho. Kisha unaunganisha nyaya, kila mmoja mahali pake. Mwisho unafunga ethi, ule waya wa kijani na njano, kwenye bolti ya kasha, ili umeme ukivuja ukimbilie ardhini usimwendee mtu. Vadivu alikuwa na tabia ya kuuvuta kila waya mara mbili kwa vidole. Tulimcheka, lakini kazi yake haikuwahi kurudishwa.

Mwaka ule, joto lilipoanza, yakaja makasha kutoka kwa fundi mpya wa kupaka rangi. Rangi ilikuwa nzuri, nzito, ya kijivu, na ilikuwa imepakwa kila mahali, hata pale bolti ya ethi inapokalia. Vadivu ndiye aliyegundua. Akamwita msimamizi wetu, Thangavel.

"Bwana, ethi imekaa juu ya rangi. Haigusi chuma."

"Ukiikaza nati, inaila rangi."

"Haili. Lete mita uone."

"Mama, mimi nimesomea umeme."

"Basi siku ya somo la ethi hukwenda."

Meza zote zikaangua kicheko. Thangavel hakucheka. Mita hakuleta. Mpimaji wetu naye alikuwa akigusisha mita kwenye bolti yenyewe, siyo kwenye kasha, kwa hiyo kila kisanduku kilifaulu.

Vadivu akatoa kisu chake kidogo, akawa anakwangua rangi kasha kwa kasha mpaka chuma king'ae, ndipo afunge. Dakika nne kila moja. Alianza kula wali wake wa mtindi akiwa kazini, mkono mmoja kwenye chakula.

"Dada, unakuna nazi?" nilimtania. "Leo mchuzi wa nini?"

"Kuna na wewe. Mchuzi huu ukiharibika tutaula wote."

Sikukuna. Nilikuwa nafunga visanduku thelathini na viwili kwa siku na yeye ishirini na vinne, na Thangavel alikuwa anaandika majina ya wanaochelewa ubaoni.

Asubuhi moja msimamizi alikuja mezani kwake, akakichukua kile kisu, akakitia mfukoni. "Kukwangua kumekwisha. Mteja anangoja." Siku hiyo Vadivu alikwangua kwa pini ya sari. Kesho yake kwa ncha ya mkasi, mpaka kidole kikamchanika. Siku ya tatu aliambiwa kwamba akichelewa tena atahamishiwa kwenye kufungasha maboksi.

"Nimechoka kuwa mwehu peke yangu," aliniambia. Siku hiyo alifunga thelathini na vitatu, na ndani ya kila kifuniko akabandika namba yake, kumi na saba, kama ilivyo desturi.

Mvua zilipoanza, mtu alikufa Tiruppur. Aliitwa Irulappan, mfanyakazi wa mtambo wa rangi, mcheshi sana, wanasema. Waya ulilegea ndani ya kisanduku ukagusa chuma. Yeye alikuwa amesimama majini, akanyoosha mkono azime pampu. Wenzake walipomwona anatetemeka walidhani ni moja ya vichekesho vyake, wakampigia makofi.

Mkaguzi wa viwanda alikileta kile kisanduku ndani ya gunia, akakifungua mezani kwetu mbele ya tajiri mwenye karakana na sisi sote. Namba kumi na saba. Akaifungua nati. Rangi chini yake ilikuwa nzima.

Tajiri alikuwa ameshamwita Vadivu ofisini mapema. Karatasi ilikuwa tayari: aseme alisahau, kosa la kibinadamu, na kazi yake itabaki. Sasa mkaguzi akamuuliza, "Mama, ulisahau?"

"Sikusahau. Nilikumbuka, na nikafunga hivyo hivyo." Akasimulia yote, kisu, pini, mkasi.

"Nani mwingine alishuhudia?"

Mkaguzi alitutazama mmoja mmoja. Mimi nililitazama koleo langu. Wengine walitazama sakafu. Basi mkaguzi akaenda mwenyewe stoo, akavuta kisanduku chochote kilichokuwa karibu, akakifungua. Kilikuwa changu. Rangi nzima, vilevile. Hakuhitaji tena neno langu.

Visanduku mia nne vilirudishwa, na tulivifungua kimoja kimoja kwa wiki sita. Vadivu hakuwepo. Alifukuzwa siku ya pili, kwa sababu ni yeye peke yake aliyekiri. Thangavel alihamishiwa tawi jingine. Kesi bado iko mahakamani.

Kabla ya mwezi kwisha, Vadivu aliniomba nimsindikize Tiruppur kwa mjane wa Irulappan, Pechiyammal. Tulimkuta kizingitini anachambua dengu. Vadivu hakukaa.

"Mimi ndiye niliyekifunga kile kisanduku."

Mikono ya yule mama ilisimama. "Ulijua kina ubaya?"

"Nilijua."

"Ungemwambia mtu."

"Niliwaambia."

"Wakasemaje?"

"Wakaninyang'anya kisu."

Pechiyammal akanigeukia mimi. "Na huyu?"

"Huyu ni mwenzangu. Alikaa karibu yangu."

Nilitamani anitukane. Aliliinua tu lile sinia la dengu, akasema, "Nendeni, mama. Msirudi hapa." Hatukupewa maji, wala hatukustahili.

Ndani ya basi, tulipofika mji wa Avinashi, Vadivu alisema, "Pini ilikuwa bado kwenye sari. Siku ile ya tatu. Ningeweza."

Siku hizi anafanya kazi kwenye kinu cha nyuzi, anafagia pamba sakafuni, na kifua kimeanza kumsumbua. Mwezi uliopita nilimpitia nikakuta taa ya jikoni kwake imekufa. Anasubiri fundi aje abadilishe; yeye nyaya hagusi tena. Nikamwambia anipe bisibisi, nitengeneze mimi. Akakataa. Tukala gizani, idli zilizopoa, vile vikate vya mchele, tukizungumza habari za watoto.