Sahani ya Zafarani na Vifuko vya Seli

Daktari alipotuambia kwamba uvimbe katika titi la mke wangu ni kansa, alimpangia upasuaji baada ya majuma mawili. Mke wangu aliuliza kama bado ataweza kukanda unga kwa mkono wa upande ule.

Binti yetu wa mwisho anafanya kazi ya maabara hapa Goma. Jioni ile alitusimulia jambo alilolisoma. Mwilini mna seli shina, zile zinazozaa seli nyingine, na seli hizo hutoa vifuko vidogo mno, vilivyobeba ujumbe wa kuponya. Wataalamu wanavikusanya vifuko na kuiacha seli yenyewe, kwa sababu seli hai ikitiwa mwilini yaweza kuzaana isivyotakiwa. Wanajaribu kuvijaza dawa ili viipeleke kwenye uvimbe wa titi.

Nilielewa upesi kuliko alivyotarajia. Tangu ujana naandika kombe, kama baba yangu aliyekuja huku kutoka Maniema. Naandika aya za Kurani kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, naziosha kwa maji safi, mgonjwa anakunywa. Kalamu haiingii tumboni, wala mkono wangu. Kinachoingia ni kile kilichoandikwa tu. Nikasema moyoni, kumbe Mungu ameweka kombe hata ndani ya seli.

Hapo ndipo nilipokosea. Asubuhi nilimwambia mke wangu tuahirishe upasuaji, tungoje vifuko.

"Papa," binti yangu akasema, "vile vifuko viko bado kwa chupa za maabara na kwa panya. Vingine vinaweza hata kulisha uvimbe, bado wanachunguza. Ugonjwa wa mama hautangoja."

"Hata miezi michache?"

"Hata mumoja, Papa."

Mke wangu alikuwa anachambua maharage. Hakuinua macho. "Muzee, miaka yote hii watu wanakuja hapa kunywa kombe. Ulishamwambia mutu asiende hospitali?"

"Hapana. Nawaambia waende na huko."

"Sasa mimi nimekukosea nini?"

Binti yetu alicheka. Nami nikacheka, kisha machozi yakanitoka. Nilikuwa naogopa kisu, na hofu hiyo nilikuwa nimeiita subira.

Siku ya upasuaji niliandika kombe alfajiri. Muuguzi aliniona na sahani ndani ya kitambaa.

"Papa, mugonjwa hanywi kitu mbele ya upasuaji. Hata maji."

Nilikaa kwenye benchi, sahani mapajani, zafarani ikikauka. Niliiombea mikono ya daktari. Niliwaombea pia wale wa mbali wanaokusanya vifuko, Mungu awafikishe, kwa ajili ya wanawake watakaokuja.

Kesho yake daktari alisema uvimbe wote umetoka. Zilibaki dawa za mshipani. Muuguzi yuleyule akaniletea maji ya kuoshea sahani. Mke wangu alikunywa taratibu mpaka mwisho, nami nimemshika kichwa.

"Zafarani umezidisha," akasema. "Na watu wengine unawabania."

Kweli nilikuwa nimezidisha.

Mkono wake ulichukua miezi kupata nguvu, alhamdulillahi. Sasa anakanda tena unga wa mandazi, polepole, na mimi namshikia beseni lisiteleze.