Moshi Juu ya Ziwa

Juzi, nikianua nguo hapa Kashai, niliona moshi mweusi umesimama juu ya ziwa, nikamkumbuka Mgiriki. Sikuhuzunika. Niliendelea kukunja shuka.

Alikuwa mnunuzi wa kahawa mjini Bukoba. Alasiri moja, nikiwa mtoto, baba yangu, tata, alinichukua kutoka kijijini kwetu Izimbya tukampelekee gunia letu kwa baiskeli. Ziwa sikuwa nimewahi kuliona. Ghala lilinuka maganda makavu ya kahawa, na mizani ililia kila Mgiriki alipopandisha gunia.

"Kwenu hawajambo?" tata alimuuliza.

"Kwetu hakuna tena," alisema. "Ulikuwa mji mdogo. Mlima nyuma, mto chini yake. Umechomwa vitani."

"Ni wapi huko?" niliuliza.

Alielekeza kidevu mlangoni, kwenye maji. "Ng'ambo."

Nikatazama. Mbali ziwani moshi ulikuwa umepanda mpaka mawinguni.

"Bado unawaka!" nilipiga kelele. "Ule pale!"

"Nyamaza, mwanangu," tata alisema. "Wale ni wadudu wa ziwani, hupaa kwa wingi kama moshi."

Sikumwamini. Nilishangaa tu kwa nini watu wazima hawakimbilii ndoo.

Mgiriki aliiacha mizani, akaja kusimama kando yangu. Akavua kofia, akautazama moshi ule mpaka upepo ulipoutawanya.

Sasa najua walikuwa wadudu kweli. Yeye aliishi kando ya ziwa lile tangu kabla sijazaliwa, alijua kuliko sisi wote. Kofia aliivua hata hivyo.