Ndimu za Mzee Salimu

Kwa nini mtu aloweke kwenye asidi chuma kisichoshika kutu? Swali hilo nilimuuliza Mzee Salimu, fundi wa kuchomelea katika karakana ya mjomba wangu pale Kariobangi, nilipotoka chuo kikuu na digrii yangu ya kemia. Kila chombo cha stenlesi alichokimaliza alikisugua kwa brashi ya waya, kisha akakiloweka kutwa nzima katika maji moto ya ndimu.

"Mzee, unatengeneza tangi au unapika pilau?" nilimcheka.

"Binti yangu, sababu siijui. Nilifundishwa hivyo. Usipokiosha, kitalia."

Kitalia! Nilimwambia mjomba kwamba asidi hula chuma na mzee anatupotezea siku. Mjomba akapiga ndimu marufuku. Mzee alikusanya nyundo zake, akasema hatoi kazi nusu, akaondoka.

Tangi la kwanza bila ndimu, lililosuguliwa kwa brashi tu, lilikuwa la maji ya kunywa ya kanisa letu mtaani Huruma. Baada ya wiki chache, mwenyekiti wa akina mama aliniita mbele ya wenzake, akafunua kifuniko. Kutoka kila mshono ilishuka michirizi ya kahawia, kama machozi.

"Haya, msomi wetu, tunywe?"

Nilimtafuta Mzee Salimu nimwombe radhi, lakini alikuwa amehama na sikumwona tena. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba brashi ya waya huacha chembe za chuma cha kawaida juu ya stenlesi, na asidi ya ndimu huziondoa kabla hazijashika kutu.