Neti ya Mtoto wa Shaba

Mimi ni fundi wa nguo katika soko la Kibuye, na mdomo wangu hauna breki. Wateja wangu wanajua. Lakini siku mama mmoja Mhindi aliponiagiza nimshonee Mungu wake neti ya mbu, hata mimi niliishiwa maneno.

Alikuwa mteja wangu wa miaka mingi, mama mzee aliyekaa na mumewe mjini, juu ya duka lililofungwa zamani. Mungu wake alikuwa mtoto wa shaba anayetambaa, mdogo kama kiganja changu, ameshika donge la siagi. Asubuhi mama alimwamsha, akamwogesha, akamvalisha nguo nilizoshona mimi, akampa maziwa. Jioni alimlaza kwenye kitanda chake kidogo. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini kazi ni kazi. Nilishona.

Nikiikumbuka nyumba ile, naiona kama niko usingizini: harufu ya ubani, pazia likipumua kwa upepo wa ziwa, magugu maji yakihama taratibu kule mbali, na mama akimwimbia mtoto wake kwa lugha nisiyoijua. Mara nyingi nilisinzia pale pale na tepu shingoni. Nilipoamka, chai ilikuwa imepoa.

Mzee wake alikuwa na Mungu mwingine, au labda yule yule kwa upande mwingine. Alikuwa akikaa roshani macho amefumba. Mungu wake hakuwa na jina, uso wala umri.

"Mungu apate malaria?" alicheka alipoiona neti. "Yeye ni kama hilo ziwa. Nani amewahi kulivalisha ziwa kaptula?"

"Ziwa ni kubwa, sikatai," mama alijibu bila kugeuka. "Lakini mimi nikishikwa na kiu, nachota kwa kikombe."

Nadhani walibishana hivyo tangu arusi yao, na hakuna aliyewahi kumshinda mwenzake. Nilipenda kuwasikiliza kuliko redio. Mimi mwenyewe kanisani namwita Mungu Baba, halafu pasta anasema ni Roho asiyeonekana, na hakuna aliyewahi kuniambia nichague. Niliwaza hayo nikikunja pindo, na mchana ukaenda.

Halafu mama akaugua, ule ugonjwa wa kummaliza mtu polepole. Nilipokwenda kumwona, kitu kimoja tu kilimsumbua, na hakikuwa kufa. Alimshika mzee mkono.

"Nikienda, nani atamlaza mtoto?"

Pazia lilipanda, likashuka.

"Asiye na mwili hahitaji kulazwa," mzee alisema, kwa upole kabisa.

Mama akageukia ukuta.

Yawa! Nilimfuata mzee hadi roshani, damu ikinichemka. "Mzee, mgonjwa haulizwi uji! Ungesema tu 'mimi', ungepungukiwa nini?"

Macho yake yalikuwa mekundu. "Sijawahi kumdanganya, mama fundi," aliniambia. "Nianze leo?"

Nilishuka ngazi bila kumuaga.

Mama alikufa hajapata jibu lingine. Nilimlilia, na wallahi, mimi Mkristo mzima, nilimlilia na yule mtoto wa shaba pia. Nilijua sasa atafungiwa kabatini pamoja na nguo zangu zote, asiamshwe tena na mtu.

Mvua za masika zikaja, na mbu wake. Asubuhi moja niliinua macho kutoka kwenye cherehani nikamwona mzee amesimama mbele ya kibanda changu, yeye ambaye hakuwahi kukanyaga soko, shati limelowa mgongoni. Alifungua gazeti alilokuwa amelikumbatia. Ndani kulikuwa na ile neti.

"Imetoboka hapa pembeni," alisema. "Ishone vizuri."

Mdomo wangu huu! "Mzee, si ulisema hana mwili?"

"Hana. Hata sasa nasema hana." Alivua miwani akaipangusa kwa shati lile lile lililolowa, akaivaa tena na maji yake. "Lakini jana mbu waliingia. Nimekesha nikimpepea."