Mawe ya Mizani Chini ya Bwawa la Mzenga

Habari hii nimeikwepa muda mrefu, lakini watu wa Mzenga wanaisimulia kila wanaponiona na kila mara wananipunguzia nguo, basi bora niitoe mwenyewe, aibu yake na sifa yake, nanyi mkishacheka mnyamaze.

Asubuhi ile niliondoka kwa dada yangu Kibaha bila mpango wowote, mgongoni nina mtungi wa hewa, mkononi mfuko wenye miwani ya kuzamia na mpira wa kupumulia, vitu vikuukuu nilivyopewa baada ya miaka miwili ya kujaza mitungi ya wapiga mbizi kule kisiwani (shule niliiacha kidato cha pili, lakini chini ya maji hakuna aliyewahi kuniuliza cheti). Kisiwani kilichonichosha ni msongamano. Samaki mmoja anazungukwa na watalii ishirini, kila mmoja na kamera, mpaka unamwonea huruma kiumbe wa Mungu. Nikajiambia lazima kuna maji mazuri ambayo hayajaona mtalii, na nitakayeyapata ni mimi, hata kama yako huku bara kwenye mihogo.

Sasa kosa lenyewe. Mpiga mbizi bila uzito hazami, anaelea kama chupa tupu, kwa hiyo tunavaa mkanda wenye vipande vya risasi, yale madini mazito. Mkanda wangu niliunyanyua pale mlangoni, nikauona mzito, nikaurudisha chini. Vitu vizito vitakosekana wapi Tanzania hii?

Mlandizi nilikunywa chai na dereva mmoja wa lori, akaniambia kwamba karibu na Mzenga kuna shimo walilochimba mawe zamani, limejaa maji, kingo zake zimesimama kama ukuta hivyo ng'ombe hawaingii, na maji yake ukitupa sarafu unaiona inavyozama. Chai sikuimaliza. Nikapanda bodaboda nikiwa nimeukumbatia mtungi kama mgonjwa, na kufika kwenyewe, jamani, hakunidanganya. Maji ya kijani, yametulia, hakuna mtu hata mmoja.

Hakuna pia kitu kizito cha kujifunga. Mawe yapo, ila makubwa kama mbuzi.

Hatua chache kutoka pale kulikuwa na ghala la kikundi cha akina mama wanaouza kunde, na mlangoni alikaa mwenyekiti wao, Mama Zuhura, akisafisha mizani. Kwenye sahani ya mizani nikaona mawe mawili ya chuma, kilo tano tano, mazuri kabisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umepotea?"

"Hapana mama, natafuta mahali pasipo na watalii."

"Basi umefika. Huku hata bwana shamba tunamwona kwa mwaka mara moja."

Nikamweleza shida yangu. Akaniambia mawe si yake, ni ya kikundi, yamepigwa muhuri wa serikali, na saa nane anakuja mnunuzi kutoka mjini. Miaka yote mnunuzi yule alikuwa akiwapimia kwa ndoo, ndoo anaijaza mpaka inaota mlima na mlima ule haulipii, mpaka wakachanga wakanunua mizani, na leo ndiyo mara yao ya kwanza kuuza kwa kilo. Nikamwapia nusu saa tu. Nikamwambia nimezamia bahari kuu, shimo hili ni beseni. (Mdomo wangu huu!) Akanitazama sana, kisha akanipa na kanga ya kuyafungia.

Nikayaviringisha kwenye kanga, nikaifunga kiunoni juu ya bukta, nikaipitisha kwenye matundu ya mkanda wa bukta ili isiteleze. Kumbukeni hapo.

Nilishuka haraka kuliko nilivyotaka, maana kilo kumi zilikuwa nyingi kwa mtu mwembamba, lakini nilichokiona sitakisahau. Kuta za mawe zimekatwa wima, perege wadogo wanapita makundi makundi bila kunijali, na katikati ya bwawa mti mzima umesimama ndani ya maji na matawi yake yote, jua linaupiga kutoka juu. Niliushika ule mti nikajiona mfalme. Hakuna kamera. Mimi peke yangu (na kuzama peke yako ni kosa la kwanza tunalokatazwa, najua).

Ndipo kambare akatoka shimoni, mnene kama paja langu, akanipapasa tumboni kwa sharubu zake.

Sikufikiri. Mkono wenyewe ulikwenda kwenye fundo, ukalifungua, mawe yakaenda chini, kanga ikaenda na mawe, bukta ikaenda na kanga. Mimi nikaenda juu kama kizibo, napiga kelele njia nzima, na kelele zile ndizo zilizoniokoa, kwa sababu ukipanda kwa kasi huku umebana pumzi mapafu yanapasuka.

Nikaibuka mbele ya wanakikundi wote, wamejipanga ukingoni kunisubiri.

"Mawe yako wapi?" Mama Zuhura akauliza.

"Chini."

"Haya toka majini tuongee."

"Siwezi, mama."

"Umeumia?"

"Sijaumia."

Kisha mama mmoja aliyekuwa amechungulia vizuri akasema, "Mwacheni, jamani, mwenzenu kabaki kama alivyozaliwa," na kicheko kilichofuata nadhani kilisikika Maneromango. Nikatupiwa kanga nyingine. Nikaivaa humo humo majini, na honi ya lori ikalia.

Mnunuzi alikuja mpaka ukingoni na meno yote nje. "Mizani haina mawe? Msijali mama zangu, ndoo yangu ninayo." Akanitazama. "Na huyu bi harusi mmemtoa wapi?"

Hapo kicheko kilikatika. Mama Zuhura hakunigombeza, na ingekuwa nafuu angenigombeza. Alikaa tu chini, akaanza kuikunjakunja ncha ya mtandio wake.

Nikaangalia mshale wa kipimo cha hewa cha mtungi: imebaki kidogo. Na bila uzito nitashukaje kuyafuata mawe? Nikaomba jiwe la kusagia. Likaletwa mbio, nikalikumbatia kifuani, nikajifunga kamba kiunoni, akina mama kumi wakaishika upande wa pili, Mama Zuhura mbele.

"Ukikwama vuta mara mbili," akasema. "Na usipoyapata, mwanangu, wewe rudi tu."

Kule chini tope lilikuwa limetibuka, sioni hata kiganja, nikapapasa kama kipofu sokoni, hewa inaanza kuja kwa tabu, kambare najua yupo mahali ananitazama. Kidole kikagusa kitambaa. Nikakivuta, kizito. Nikakifunga kwenye kamba, nikaliachia jiwe la kusagia, nikavuta mara mbili, nikapandishwa taratibu kama ndoo ya kisimani, mara hii natoa pumzi kwa adabu.

Ndoo mbili za kilima zilikwishaingia kwenye lori. Mama Zuhura akaamuru zirudishwe, akafuta tope, akaweka mawe kwenye sahani. Mnunuzi akadai chuma kilicholowa kinaongezeka uzito. Wakamwambia basi akae juani kikauke, na yeye akauke nacho. Alipima kilo kwa kilo mpaka jioni, na mimi ndiye niliyeshika gunia, nimevaa kanga, nimenyoosha shingo. Sikuona haya hata kidogo. Jiwe la kusagia tu ndilo ninalodaiwa mpaka leo.

Nimeapa kutozama tena bila mkanda wangu mwenyewe, wala bila mwenzangu.

Bodaboda zilikuwa zimekwisha. Mama Zuhura akanifungulia ghala, akanitandikia mkeka katikati ya harufu ya kunde, akaniwekea ugali na kisamvu. Kisha akayachukua mawe yote mawili, moja kila kwapa.

"Wewe lala na mtungi wako," akasema. "Haya nalala nayo mimi."